Nikipigiwa vigelegele naahidi nisichokuwa nacho

SWALI

Shikamoo mama mshauri. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, nina mke na watoto watatu, na ninaendesha duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Mtaani naitwa mtu wa watu. Hakuna kamati ya harusi ambayo simo, na mara nyingi nawekwa mwenyekiti. Shida yangu ni pale ninaposimama kutoa ahadi. Nikiona macho yote yananielekea, mdomo unatamka fedha nisiyokuwa nayo. Mwezi uliopita kwenye harusi ya binti wa rafiki yangu nilikwenda kikaoni nimepanga kuahidi laki moja, nikatamka laki tano. Vigelegele vile nilivisikia mpaka nalala. Asubuhi ndipo nilipokumbuka kwamba mwanangu wa kidato cha pili, aliye shule ya bweni ya binafsi, bado anadaiwa ada. Nimekwishachukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, mara mbili kwa ajili ya ahadi za namna hii, na mke wangu hajui. Nikiweka picha stetasi naingia kila baada ya dakika chache kuangalia nani ameona. Watu kumi wakinisifu na mmoja akanisema, nalala na la yule mmoja. Ustadhi wetu aliniambia hiyo ni riya, yaani kutenda jambo ili watu wakuone. Dada yangu anasema ni ugonjwa. Mimi najua nimekuwa hivi tangu utotoni: nikishika nafasi ya kwanza baba alikuwa akiniita sebuleni anisifu mbele ya wageni, na muhula nilioshika ya nane hakunisemesha wiki nzima. Je, huu ni ugonjwa kweli? Na ile laki tano, mwisho wa kuiwasilisha ni Jumamosi ijayo. Niwaambie nini?

JIBU

Marahaba, mwanangu. La Jumamosi nitakujibu, tena kwa maneno ambayo utaweza kuyanakili na kuyatuma kama yalivyo, ila nitayaweka mwishoni. Nikikupa sasa hivi utayatuma, utapumua wiki hii, na kikao kijacho utasimama tena na kutamka laki saba.

Kwanza nikutoe hofu. Kupenda kusifiwa si ugonjwa. Hata kupenda sifa kupita kiasi, kama unavyojieleza, hakumo kwa jina hilo katika orodha ambazo madaktari wa akili hutumia kupima wagonjwa. Mtoto anapopiga hatua yake ya kwanza hugeuza uso kumtafuta mama yake kabla hata hajaanguka. Anauliza: umeniona? Swali hilo hatuliachi mpaka tunazikwa. Mwaka 1995 Mark Leary, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walieleza kwamba ile hali ya kujiona una thamani inafanya kazi kama geji ya mafuta kwenye gari. Geji haiendeshi gari. Inapima tu, na kinachopimwa ni kiasi gani wenzako wamekukubali, maana tangu zama za kale binadamu aliyetengwa na kundi lake hakuwa na siku nyingi za kuishi. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakicheza mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, kisha wachezaji wengine wakaacha kuwarushia. Sehemu ya ubongo iliyochangamka ni miongoni mwa zile zinazochangamka mwili ukipata maumivu. Kwa hiyo ukiniambia umelala na la yule mmoja, sikwambii unajidekeza. Umeumia.

Sasa tazama ulichofanya wewe. Geji iliposhuka, hukwenda kutafuta mafuta. Uliinua mshale kwa kidole.

Rudi kwenye usiku ule wa kikao, polepole. Aliyepigiwa vigelegele ni nani? Ni mtu mwenye laki tano za kumtolea rafiki yake bila nyumba yake kutikisika. Wewe ulikuwa na laki moja na deni la ada. Yule aliyeshangiliwa hakuwemo ukumbini. Ndiyo sababu sifa zile hazikukaa nawe hata kukapambazuka: zilikuwa barua yenye anwani ya mtu mwingine. Ndani yako unalijua hilo, na kwa kuwa unalijua, kila ukisifiwa unapata vitu viwili kwa mpigo, raha ya kushangiliwa na hofu ya kugundulika. Hofu inakula raha, unabaki na njaa, unatafuta kikao kingine. Katika miaka yote niliyokaa na watu kwenye chumba cha ushauri sijamwona aliyeshiba sifa za namna hiyo. Nimewaona walioshiba kwa kupendwa wakiwa na laki moja yao.

Tunayo methali kila mtu anaijua: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wengi huieleza kwamba mgema kaota kiburi, kaanza kudharau kazi yake. Mimi huisikia vingine, na watu wa aina yako ndio walionifundisha kuisikia hivyo. Sifa zimemletea mgema wateja wengi kuliko mitungi aliyonayo. Jioni anasimama mtu wa mwisho mbele yake, ameshika kibuyu, anamwambia nimesikia tembo lako halina mfano. Mgema hawezi kutamka neno moja dogo, "limekwisha". Neno hilo linamwogopesha kuliko wizi. Anatia maji. Wewe neno linalokushinda ni "sina", na maji unayachota kwa kausha damu.

Kwa upande wa ustadhi wako, sina ugomvi naye. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga sehemu nzima ya kitabu chake cha Ihya kuzungumzia kupenda jaha, yaani hadhi mbele ya watu, na riya, na kabla ya kulaumu alifanya jambo ambalo sisi washauri wa leo tungefaa kuliiga: aliuliza kwa nini sifa ni tamu. Akataja sababu nne. Moyo hufurahi kuhisi umekamilika. Hufurahi kwa kuwa moyo wa anayekusifu umekuwa wako. Hufurahi kwa kuwa mioyo ya wanaosikia nayo itafuata. Na hufurahi kwa kuwa aliyekusifu amelazimika, apende asipende, kuonyesha kwamba una hadhi. Juu ya ile ya kwanza akaongeza jambo ambalo nataka ulitafune: sifa ya jambo lililo wazi haina ladha kubwa, ila mtu akisifiwa kwa jambo ambalo mwenyewe ana shaka nalo, hapo utamu unazidi. Hakuna anayefurahia kuambiwa ana masikio mawili. Basi ukitaka kujua una shaka gani juu ya nafsi yako, angalia ni sifa ipi inayokulevya. Hukuniambia unalewa ukisifiwa kwamba una nondo nzuri dukani au kwamba bei yako ya saruji ni ya haki. Unalewa ukiambiwa una uwezo na una mkono. Hapo ndipo penye shaka. Hujaamini kwamba utabaki kuwa mtu ukiwa mikono mitupu.

Wakristo nao husoma kwenye Mathayo sura ya 6 kwamba atoaye sadaka asipige panda mbele yake. Kumbi zetu zimeifanya panda kuwa sehemu ya utaratibu, hata asiyeitaka anapigiwa. Ila neno riya linakueleza ulichofanya. Halikuelezi lilianzia wapi, na asiyejua jambo lake lilikoanzia hutubu Ijumaa akalirudia Jumamosi.

Umenitajia sebule ya baba yako, na nadhani uliitaja kwa kupita tu. Mimi nilisimama hapo. Mtoto wa miaka tisa au kumi akiitwa mbele ya wageni anajifunza kwamba kuna mlango wa kuingilia moyoni mwa baba, na ufunguo wake ni namba moja. Muhula wa nafasi ya nane alijifunza la pili, kwamba bila ufunguo ule haonekani kabisa. Wiki moja ya kutosemeshwa, kwa umri ule, ni ndefu kama mwaka. Carl Rogers, mmoja wa waasisi wa ushauri nasaha wa kisasa, alifundisha kwamba mtoto anayependwa kwa masharti huyabeba masharti yale mpaka utu uzima, akajihukumu kwayo hata aliyeyaweka akiwa amekwishazikwa. Simsemi baba yako vibaya. Alijivunia mwanawe kwa namna aliyoijua, na huenda hata yeye hakuwahi kuitwa sebuleni. Lakini ona jinsi ulivyoihamisha sebule ile. Wageni wamekuwa wanakamati, namba moja imekuwa laki tano, na wewe bado umesimama katikati ya chumba ukisubiri mtu mzima akuone.

Kuna utafiti wa Claudia Mueller na Carol Dweck, uliotoka mwaka 1998, ambao kila nikimsoma mtu kama wewe unanijia. Waliwapa watoto wa darasa la tano maswali mepesi, kisha wakawasifu. Kundi moja waliambiwa wana akili, jingine waliambiwa wamejitahidi. Yakafuata maswali magumu yaliyowashinda wote. Waliosifiwa akili walivunjika moyo, wakafanya vibaya zaidi katika maswali ya mwisho ingawa yalikuwa mepesi kama ya kwanza. Na walipoombwa kuwaandikia watoto wa shule nyingine na kutaja alama walizopata, wengi zaidi katika kundi hilo waliongeza alama. Walidanganya mbele ya watoto ambao wasingekutana nao. Sentensi moja ya sifa ilitosha kuwafanya waone aibu kuwa na alama zao wenyewe. Ile laki nne uliyoiongeza ukumbini ni alama za namna hiyo. Una watoto watatu, kwa hiyo sihitaji kueleza zaidi.

Hata hivyo nisingependa ubebe lawama yote peke yako, kwa sababu mambo yetu ya michango yamepangwa kumbana mtu mwenye udhaifu huu. Mshereheshaji anakutaja jina kwa kipaza sauti. Anasema "mwenyekiti wetu hawezi kushuka chini ya hapo". Katibu ana daftari, kalamu imeinuliwa, inakusubiri. Kesho yake orodha inawekwa kwenye kundi la WhatsApp, majina na fedha, mwenye nyingi juu, mwenye kidogo chini, na alama ya tiki kwa aliyekwishalipa. Kila anapoongezeka mmoja orodha inatumwa upya, na wewe unajitazama uko namba ngapi. Ni ripoti ya muhula ile, imerudi. Wala si mambo ya leo tu. Pwani yetu ilikuwa na ngoma za beni tangu mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye makundi ya Marini na Arinoti yakasambaa mpaka bara, yakishindana kwa mavazi, kwa magwaride na kwa karamu, huku wakubwa wa vikundi wakimwaga mali ili wenzao wasiwapite. Kushindana kwa kutoa tumekurithi. Kuna wema ndani yake pia, harusi nyingi zisingefanyika na maiti wengi wasingesafirishwa kwao bila michango hii, na mimi mwenyewe nimezikiwa wazazi kwa mikono ya watu. Kwa hiyo sikutumi ujitoe kwenye jamii. Nataka urudi kwenye jamii ukiwa mwenyewe.

Kuhusu simu nitasema machache. B. F. Skinner aliwafundisha njiwa kudonoa kitufe ili wapate punje, akagundua kwamba njiwa anayepata punje kwa bahati, pengine baada ya kudonoa mara tatu, pengine baada ya mara thelathini, hudonoa bila kuchoka, na hata punje zikikoma huendelea kwa muda mrefu kuliko aliyezoea kupata kila mara. Kuingia stetasi kuangalia nani ameona ni kudonoa. Wakati mwingine bosi ameona, wakati mwingine hakuna mpya, na ni kule kutojua ndiko kunakokurudisha. Nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha, uzime tiki za bluu. Ukizizima hutaona tena nani ametazama stetasi yako. Picha ziweke kama unapenda, ila orodha ya watazamaji hutaiona. Fanya hivyo kwa siku 30. Siku tatu za mwanzo vidole vitawasha.

Tena hao watazamaji hawakuangalii kama unavyodhani. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo vijana wale waliiona ya kuaibisha, wakamwingiza kwenye chumba chenye wenzake. Walirudia hivyo kwa wanafunzi mbalimbali. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wataitambua picha. Waliotambua hawakufika robo. Jijaribu mwenyewe: harusi ya mwisho uliyokwenda kama mgeni, nani alitoa fedha ngapi? Unakumbuka yako. Kila mtu katika kamati ile anakumbuka yake.

Sasa nije kwenye maneno matatu yaliyonifanya niiweke barua yako juu ya nyingine: "mke wangu hajui".

Sifa unazopigiwa ukumbini zinalipiwa nyumbani, na anayelipa hajaombwa ruhusa. Mke wako huenda amekwishaona dalili. Ameona unavyotoka nje kupokea simu za anayekudai. Ameona saruji imepungua dukani na fedha haionekani. Wanawake wengi waliokuja kwangu na shida ya mume "mtu wa watu" hawakuanza kwa kulalamikia fedha. Walianza kwa kusema, "Huko nje anacheka, akifika nyumbani amechoka." Uchangamfu wote unaishia kwa watu wasiokujua, na kwa anayekujua unafika umekwisha.

Nikuulize jambo gumu. Mke wako akikusifu, unavisikia vigelegele? Wengi wa hali yako huniambia hapana, "yule ni mke wangu tu". Nikichimba, sababu inajitokeza. Sifa ya mke haileweshi kwa kuwa mke anajua. Anajua unavyokoroma, unavyoogopa wadai, unavyompigia mama yako simu ukizidiwa. Ukumbi hauyajui hayo, kwa hiyo ukumbini unaweza kuwa yeyote. Lakini mafuta halisi ya lile tangi yapo kwa yule anayejua na bado anakuandalia chai asubuhi. Umekuwa ukiomba maji nyumba za watu huku kisima kiko uani, na hukisogelei kwa kuwa maji yake yanaonyesha sura yako ilivyo.

Nasema haya nikijua uzito wake kwa mwili wangu. Nilipoanza kazi hii nilitaka kila anayeingia kwangu atoke akisema "asante mama, umenisaidia sana". Alikuja baba mmoja, nikaona wazi kwamba kinachomharibia nyumba ni ulevi wake, lakini alikuwa akinisifu mno, ananiambia hajapata mtu wa kumwelewa kama mimi. Nikayahifadhi maneno yale magumu mpaka wiki ijayo, na wiki iliyofuata nikayahifadhi tena. Aliondoka ananishukuru. Baadaye nilikutana na mkewe sokoni, akaniambia hali ilikuwa imezidi. Nilipokea shukrani kwa kazi ambayo sikuifanya, na aliyelipia ni mwanamke aliyekuwa nyumbani. Tangu siku ile, mtu akinisifu sana ndani ya saa ya ushauri, najiuliza ni jambo gani ninaloliogopa kulisema.

Utafanyaje? Anza na mke wako, kabla ya kamati, kabla ya ustadhi, kabla ya mimi. Chagua usiku watoto wamelala, simu iko chumba kingine. Mwambie kiasi cha madeni yote kwa tarakimu, mikopo yote miwili, na laki tano. Usianze kwa kueleza utoto wako, maana maelezo yakitangulia tarakimu yanasikika kama utetezi. Atakasirika. Usimbembeleze ili akusamehe palepale, kwa sababu hilo nalo litakuwa ni kuomba makofi. Mwache akasirike, ubaki kitini. Kisha, siku yoyote baada ya hapo, pangeni pamoja kiasi cha michango kwa mwezi, kiandikwe, na kiasi hicho kikiisha kimekwisha hata akioa mtoto wa mkuu wa mkoa.

Usiahidi tena ukiwa umesimama. Kwenye kikao sema "mchango wangu nitamtumia mweka hazina", ukae. Maneno yako haya yana faida moja kubwa, unaamua ukiwa nyumbani ambako ada inaonekana. Na kati ya kamati ulizomo, toka uenyekiti wa moja mwezi huu, hata kama wanakusihi. Watakusihi, na kusihiwa kwenyewe ni sifa, ujihadhari nako.

Mara ya kwanza utakapotamka fedha ndogo mwili utagoma. Uso utawaka, tumbo litakaza, utahisi kila mtu anakunong'ona. Wengi hapa hurudi nyuma na kuongeza dau ili ile hali iishe. Ukikaa nayo bila kufanya chochote, inapanda, inafika kileleni, inashuka yenyewe. Mara ya pili hupanda kidogo. Hakuna maelezo yangu yatakayokusadikisha hili, mwili wako lazima ulipitie wenyewe mara kadhaa.

Pia toa kitu kimoja ambacho hakuna atakayejua, na usimwambie hata mke. Mlipie mtoto wa jirani daftari kupitia mwalimu, bila jina. Halafu uchunguze moyo wako jioni ile. Utakuta hamu ya kumsimulia mtu inakuja kama kiu. Ikiwa chini ya kiu hiyo kuna furaha, hata kidogo, umeupata ukarimu wako wa kweli, kwa maana naamini unao. Mtu asiyejali watu hasumbuki kama unavyosumbuka.

Na yule mmoja anayekusema. Andika alichosema neno kwa neno, si ulichosikia. Mara nyingi mtu kasema "umechelewesha nondo zangu", na wewe umesikia "wewe si mtu". Nondo zimechelewa kweli? Mwombe radhi, umpelekee. Kama ni uzushi, ulale nao usiku mmoja bila kujitetea popote, wala kwenye kundi wala stetasi. Asubuhi amua kama uzushi huo unastahili jibu.

Kausha damu usiiguse tena kwa sababu yoyote iliyo katika barua hii. Wakopeshaji wadogo wanatakiwa kisheria kuwa na leseni. Kama wako hana, au riba inajizaa kila wiki, peleka mkataba kwa mwanasheria au kituo cha msaada wa sheria kabla hujalipa zaidi.

Dada yako naye nisimpuuze. Ikiwa usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, hamu ya kula imepotea, hofu ya macho ya watu inakuzuia hata kwenda dukani, au umeanza kuona ni afadhali usingekuwepo, hapo tumetoka kwenye tabia tumeingia kwenye matibabu. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulize kitengo cha afya ya akili. Kutoka hapo wanaweza kukupeleka Muhimbili au Mirembe kule Dodoma ikihitajika. Wazo la kujiua likija, usilale nalo, mwamshe mtu usiku huohuo mwende hospitali.

Haya, Jumamosi. Usingoje Jumamosi. Kamati inapanga chakula na ukumbi kwa fedha yako, kwa hiyo kila siku unayonyamaza unawatia hasara. Ongea na mke wako leo au kesho. Siku inayofuata mpigie simu rafiki yako, baba wa bibi harusi, umwambie mwenyewe, asije akalisikia kwa mweka hazina. Mwambie: "Nilitamka zaidi ya uwezo wangu. Nitatoa laki moja. Nimeona nikwambie mapema, na unisamehe." Usimtajie ada, usimtajie hali ya biashara. Ukianza kutaja sababu utajikuta unatafuta akuonee huruma, na huruma ni sifa yenye nguo nyingine. Kisha tuma laki moja, na palepale umwandikie mweka hazina:

"Ndugu mweka hazina, kwenye kikao niliahidi shilingi 500,000. Sitaweza kiasi hicho. Mchango wangu ni shilingi 100,000, nimeutuma sasa hivi. Naomba orodha irekebishwe. Siku ya shughuli nitafika mapema kusaidia kupanga viti."

Ukishatuma, iache simu nyumbani uende dukani. Majibu yatakuja. Yatakuwepo ya "tunaelewa ndugu yetu", itakuwepo kimya, na huenda likawepo moja la kebehi. Yasome jioni, mke wako akiwa ameketi karibu, myasome wote wawili.